Asidi za mafuta kwenye seli za gegedu: seli zinakufa, bendi za protini hazieleweki

kondro_mza

Wakuu, salaam kutoka Mwanza.

Nakuza kondrositi (seli za gegedu) za ng'ombe. Viungo vinatoka machinjioni, kile kifundo cha mguu wa mbele kilicho juu tu ya kwato. Nataka kuona asidi za mafuta zinabadilishaje protini za seli hizi: kolajeni aina ya II na agrekani (protini kuu za gegedu), na vimeng'enya vinavyokula gegedu, hasa MMP-13. Nalinganisha palmitiki, oleiki na EPA (omega-3 ya mafuta ya samaki), kukiwa na IL-1β (protini inayochochea uvimbe) na bila.

Utaratibu wa sasa: asidi inayeyushwa kwenye ethanoli, inatiwa moja kwa moja kwenye midia (maji ya kulishia seli) yenye seramu ya ndama 1%, mikromola 200 kwa zote tatu, saa 48. Seli zinavunjwa kwa RIPA (mchanganyiko wa sabuni), protini zinatenganishwa kwenye jeli ya 10%, kisha zinahamishiwa kwenye nitroselulosi na kutafutwa kwa kingamwili. Seli zimeshahamishwa (kupandwa upya kwenye chombo kipya) mara tatu au nne kabla ya jaribio.

Yanayotokea ni haya. Palmitiki inaacha nyuzi nyeupe chini ya kishimo na asubuhi seli zimejikunja na kuelea. Oleiki haiziui, ila seli zinajaa matone. EPA haitabiriki: ikitoka chupa mpya seli zinastahimili kidogo, ikitoka chupa iliyokwisha kufunguliwa zinakufa zote. MMP-13 inashuka kwa EPA, lakini aktini, protini ninayolinganishia, nayo inashuka. Kolajeni II siioni kabisa, kolajeni I ipo tele. Nikipitisha midia yenyewe kwenye jeli napata doa kubwa lililovimba katikati na siwezi kusoma kitu.

La ziada: EPA ni ghali na lazima isafiri kwenye barafu kavu. Hapa sangara na dagaa wamejaa. Naweza kutumia mafuta yao?

---

Fundi wa Midia

Mkuu, kabla ya kugusa bendi yoyote, rekebisha namna asidi inavyofika kwenye seli. Kwa utaratibu huo hujapima kazi ya palmitiki. Umepima sabuni.

Asidi ya mafuta yenye kaboni 16 au zaidi haiyeyuki kwenye maji kwa kiwango unachotaka. Ukidondosha mikromola 200 kwenye midia, sehemu ndogo inabaki imeyeyuka, nyingine inajikusanya na kuchubua utando wa seli, na nyingine inashikana na kalisi ya midia. Hizo nyuzi nyeupe ndizo sabuni ya kalisi. Seramu ya 1% haina albumini ya kutosha kubeba mzigo huo. Ndani ya damu asidi hizi hazitembei peke yake, zinabebwa na albumini, na kwa mtu mwenye afya uwiano ni karibu molekuli moja ya asidi kwa moja ya albumini, mara nyingi chini ya hapo. Kwenye maabara tunapandisha hadi 3 au 4 kwa 1. Wapo wanaokwenda 6 kwa 1, lakini hapo asidi huru inakuwa nyingi na kifo cha seli kinaanza kuficha kila kitu.

Kwa mililita 10 za akiba ya palmitiki yenye milimola 5:

Chukua BSA (albumini ya ng'ombe) isiyo na asidi za mafuta, gramu 0.95, iweke juu ya mililita 9.5 za NaCl ya milimola 150. Usikoroge kwa nguvu, itatoa povu na povu linaharibu protini. Iache izame yenyewe, kisha iweke kwenye nyuzi 37. Usiiyeyushie kwenye midia, maana utarudi kwenye kalisi ileile.

Pima palmiteti ya sodiamu miligramu 27.8 kwenye kichupa cha kioo, tia mililita 1 ya ethanoli 50%, pasha nyuzi 70 huku umefunika mpaka iwe angavu kabisa. Hiyo ni milimola 100. Ikipoa inaganda kama ute, kwa hiyo pipeti nayo ipashwe moto. Vuta mililita 0.5 na uidondoshe tone kwa tone kwenye BSA, ukizungusha chupa taratibu. BSA isivuke nyuzi 40 wakati huo. Wanaoipasha hadi 60 na kuendelea wanapata kitu kama yai lililoiva nusu. Acha saa 1 kwenye 37, rekebisha pH iwe 7.4, chuja kwa chujio la 0.22 ikiwa bado vuguvugu. Ukichuja ikiwa baridi, palmitiki inabaki kwenye chujio na hutajua imebaki kiasi gani.

Oleiki ni mafuta ya maji kwenye joto la kawaida, kwa hiyo haihitaji nyuzi 70: miligramu 28.2 kwenye mililita 1 ya NaOH ya 0.11 M, tikisa hadi iwe angavu, kisha hatua zilezile.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka. Tengeneza akiba ya BSA tupu yenye ethanoli au NaOH kiasi kilekile, bila asidi. Kila kishimo kipate jumla ileile ya albumini. Kwenye sahani ya vishimo 12, mililita 1 kila kimoja, mikrolita 40 za akiba zinakupa mikromola 200. Ukitaka 100, weka mikrolita 20 za asidi na 20 za BSA tupu. Ukitaka sifuri, 40 za BSA tupu. Albumini peke yake inabadilisha tabia ya seli, na kishimo kisicho na chochote si kontroli ya jaribio hili.

BSA iwe pia ile yenye endotoksini kidogo. Sumu hiyo ya ukuta wa bakteria inaamsha TLR4 (kipokezi cha kinga) na kupandisha IL-6 (ishara ya uvimbe) na MMP bila mafuta yoyote, kisha unaandika kwamba ni palmitiki. Maandiko mengi ya zamani yana shaka hiyo.

---

Mkemia wa Mwaloni

Naunga mkono, ila dozi moja kwa asidi tatu haifai. Palmitiki jaribu 50, 100 na 200. EPA anza 10, kisha 30, usivuke 50 mpaka uwe umepima uhai wa seli.

EPA ina vifungo maradufu vitano, DHA (omega-3 nyingine) sita, na kila nafasi kati ya viwili ni mlango wa oksijeni. Chupa iliyofunguliwa, ikarudishwa kwenye friza na hewa ndani, umeme ukakatika usiku ikapata joto na kuganda tena: hiyo si EPA tu tena, imo na peroksidi na aldehaidi zake. Seli zinakufa kwa hayo. Ubaya zaidi, kwa kiasi kidogo aldehaidi hizo haziui, zinaamsha Nrf2 (protini inayowasha ulinzi wa seli), na Nrf2 nayo inatuliza ishara za uvimbe. Unaona MMP-13 imeshuka unashangilia omega-3, kumbe ni mafuta yaliyochacha. Pima HO-1, protini inayowashwa na Nrf2, kwenye sampuli hizohizo. Ikiwa imeruka juu sana kwa EPA ya 10 au 30, itilie shaka chupa yako kwanza.

Siku chupa inapofunguliwa, igawe yote kwenye vichupa vya kioo vya kahawia, kila kimoja kwa jaribio moja. Pulizia naitrojeni au agoni juu ya kimiminika, funga kwa kizibo chenye tefloni, hifadhi minus 80. Kisichotumika siku hiyo kimwagwe. Plastiki iepukwe, asidi za mafuta zinajishika kwenye kuta zake. EPA ikija kwenye ethanoli unaweza kuidondosha hivyohivyo kwenye BSA, mradi kontroli ipate ethanoli sawa. Wapo wanaoongeza vitamini E, alfa-tokoferoli mikromola 10 hadi 20. Ukifanya hivyo weka kwenye vishimo vyote, pamoja na kontroli.

Kuhusu sangara na dagaa. Inawezekana, lakini si njia ya mkato.

Kwanza, mafuta ya samaki ni traigliseraidi. Seli kwenye sahani haziyavunji vizuri, zinahitaji asidi huru. Kwa hiyo lazima uyageuze sabuni: gramu 1 ya mafuta, mililita 10 za KOH ya 0.5 M kwenye ethanoli 90%, nyuzi 60 saa 1, juu kuna naitrojeni. Ongeza maji, kisha osha kwa heksani mara mbili na utupe heksani hiyo. Usiruke hatua hii. Ndani ya heksani hiyo mna kolesteroli, vitamini E na, muhimu kuliko vyote, vitamini A. Asidi ya retinoiki inaibomoa agrekani na kuiondolea kondrositi tabia yake kwa kiwango kidogo mno, hivyo chembe ya vitamini A iliyobaki inaweza kufunika kazi yote ya EPA. Baada ya hapo tia HCl mpaka pH 2, asidi zitapanda juu, zivute kwa heksani mpya, osha kwa maji, kausha kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji, vukiza heksani kwa naitrojeni.

Pili, unachopata ni mchanganyiko. Samaki wa maji baridi wa kitropiki wana DHA, lakini wana pia arakidoniki (asidi ya omega-6) zaidi ya samaki wa bahari, na palmitiki kwa wingi. Bila gesi kromatografia huwezi kuandika "EPA mikromola 30". Andika ni asidi zote za mafuta ya sangara, na uweke dozi kwa jumla yao. Swali hilo nalo lina maana yake, ila si swali uliloanza nalo.

Tatu, dagaa wa kwenye mchanga waache. Aliyeanikwa juani, mwili mdogo, eneo kubwa la kugusa hewa, mafuta yameshaoza nusu kabla hajafika sokoni Kirumba. Ukitaka dagaa, chukua wabichi alfajiri mtumbwi ukifika, moja kwa moja kwenye barafu. Kwa sangara chukua mafuta ya tumboni ya samaki wa siku hiyo.

---

Jeli na Bendi

Wenzangu wamemaliza upande wa mafuta, nami nishike upande wa protini.

Kolajeni II huioni kwa sababu seli zako si kondrositi tena. Zikikaa zimetandazwa kwenye plastiki na kuhamishwa mara tatu, zinanyooka, zinafanana na fibroblasti, zinaacha kolajeni II na agrekani, zinaanza kolajeni I. Kolajeni I uliyoiona tele ndiyo ushahidi. Tumia seli ambazo hazijahamishwa, au zilizohamishwa mara moja tu, ukizipanda kwa msongamano mkubwa, laki moja hadi mbili kwa sentimita ya mraba. Njia bora zaidi ni shanga za aljineti (jeli ya mwani): seli milioni 2 hadi 4 kwa mililita ya aljineti 1.2%, idondoshwe kwa sindano kwenye CaCl2 ya milimola 102, dakika 10, kisha osha. Tone likitoa mkia, sindano iko karibu mno na maji au unasukuma haraka.

Ongeza vitamini C. Kimeng'enya kinachoweka hidroksili kwenye prolini kinaitaka, na bila hidroksili kolajeni haijikunji sawasawa, inakwama ndani ya seli. Tumia askobeti-2-fosfeti mikrogramu 50 kwa mililita, maana askobeti ya kawaida inaharibika kwenye midia ndani ya saa chache. Kwako hili lina uzito wa pekee: palmitiki inatesa retikulamu ya endoplazimu, ndipo kolajeni inapokunjwa. Seli isiyo na vitamini C na yenye palmitiki ina shida mbili mahali pamoja na hutazitenganisha. Weka BiP na CHOP, alama za mateso hayo, kwenye orodha ya kingamwili. Kishimo cha palmitiki pamoja na oleiki nacho ni cha lazima kwa maoni yangu, mfano 200 kwa 100: oleiki inaisukuma palmitiki kwenye matone ya traigliseraidi na kuipunguzia ukali. Matone uliyoyaona kwenye oleiki ni ghala tu, usiyaogope.

RIPA haitoi kolajeni iliyokwisha kusukwa nje ya seli. Baada ya kutoa kilichoyeyuka, mabaki yatie pepsini miligramu 1 kwa mililita kwenye asidi asetiki ya 0.5 M, nyuzi 4, usiku kucha. Minyororo ya alfa inasomeka karibu na 130 hadi 140 kDa, kwa hiyo jeli iwe ya 6% au 7.5%, na muda wa kuhamishia kwenye nitroselulosi uongezwe. Kwa 10% zinabanana juu.

Lile doa lililovimba ni albumini. BSA ina 66 kDa, MMP-13 ambayo haijaamshwa ina 60, iliyoamshwa 48. Umeweka milima ya albumini mlango wa jirani, inasukuma kila kitu. Na sasa umeshauriwa kuongeza BSA, hali itakuwa mbaya zaidi usipogawa jaribio mara mbili: saa 24 hadi 48 za asidi na BSA, osha kwa PBS (maji ya chumvi) ya vuguvugu mara mbili, kisha saa 24 za midia isiyo na seramu wala albumini, yenye IL-1β nanogramu 10 kwa mililita. Midia ya awamu ya pili ndiyo unayoipima.

Kuikusanya: mililita 1 ya midia, mililita 0.25 za TCA (asidi ya kugandisha protini) 50%, barafu dakika 30, zungusha 14,000 g dakika 15 kwenye nyuzi 4, osha kwa asetoni baridi mara mbili. Ukitia rangi ya sampuli ikageuka njano, TCA imebaki. Ongeza mikrolita 1 ya Tris 1 M mpaka irudi buluu, la sivyo bendi zitakwenda upande.

Aktini iache. Seli ikijikunja au kunyooka aktini inabadilika, na GAPDH, kilinganishi kingine cha kawaida, ni ya njia ya sukari, inayumba ukibadilisha chakula cha seli. Tumia Ponceau S, 0.1% kwenye asidi asetiki 5%, ipige picha nitroselulosi nzima kabla ya kuziba, gawanya kila bendi kwa jumla ya protini ya mstari wake wa jeli. Kwa midia, gawanya kwa DNA ya seli za kishimo hichohicho. Usipime protini ya midia kwa BCA au Bradford ikiwa albumini imebaki, utakuwa unapima BSA.

Na hakikisha kingamwili yako inamtambua ng'ombe. Nyingi zimejaribiwa kwa binadamu na panya tu, na ukosefu wa bendi hapo hauna maana yoyote.

---

kondro_mza

Nawashukuru sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Maswali mawili. Nikiosha na kuondoa BSA, EPA si itatoka yote? Na kuna mtu aliniambia mwinuko wa Mwanza unaathiri inkubeta, ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

---

Mkemia wa Mwaloni

Haitoki yote. Iliyokwisha kuingia kwenye fosfolipidi za utando inabaki muda wa kukutosha, inayoondoka ni ile iliyo nje. Na hapo ndipo jaribio linapokuwa tamu. EPA ina zaidi ya njia moja: ikiwa ndani ya utando inachukua nafasi ya arakidoniki, hivyo kimeng'enya COX-2 kinapata malighafi pungufu ya kutengeneza PGE2 (kichocheo cha uvimbe); ikiwa nje, inagusa kipokezi cha GPR120, ambacho hunyamazisha ishara inayoelekea NF-kB (swichi ya uvimbe). Kuosha kunaacha njia ya kwanza na kukata ya pili. Kwa hiyo fanya seti mbili, moja iliyooshwa na moja ambayo EPA na IL-1β vinakaa pamoja. Hiyo ya pili isome kwa RNA, kwa sababu midia yake imejaa albumini. RNA ya MMP-13 ipime kwenye zote mbili hata hivyo: kondrositi zinameza MMP-13 kutoka nje kupitia kipokezi LRP1, na protini kupungua kwenye midia si lazima iwe imetengenezwa kidogo.

Weka pia arakidoniki kwa dozi ileile ya EPA. Kundi la Cardiff la akina Curtis na Caterson, kuanzia 2000, lilionyesha kwa kondrositi za ng'ombe kwamba omega-3 zinapunguza ADAMTS-4 na ADAMTS-5 (vimeng'enya vinavyokata agrekani) na COX-2 zilizochochewa na IL-1, na mwaka 2009 mpangilio ukatoka EPA kwanza, kisha DHA, kisha alfa-linoleniki. Arakidoniki haikufanya hivyo. Ikiwa kwako arakidoniki inashusha vilevile, tatizo ni uchakavu wa mafuta au sumu, si omega-3.

---

Fundi wa Midia

Mwinuko ni kweli, ila si chanzo cha vifo. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni karibu kPa 88 badala ya 101. CO2 ya 5% hapa ina nguvu ndogo kuliko pwani, pH ya midia inapanda kama 0.06. Ukiona midia inaelekea waridi kila mara, weka 5.7%, na kipimo cha CO2 kirekebishwe hapahapa mlipo.

Kinachouma zaidi ni otoklevu ya sufuria, ile ya kusoma geji. Psi 15 za geji pwani zinakupa nyuzi 121. Mwanza zinakupa karibu 119. Kwa vyombo vya kazi hii soma joto, usisome shinikizo, au ongeza hadi psi 17. Kiungo cha ng'ombe kinakuja na udongo na kinyesi, na bakteria wa sporo wanapenda pengo hilo la nyuzi mbili. Mguu uoshwe na usuguliwe ukiwa na ngozi, uchunwe, uzamishwe kwenye ethanoli 70%, na kiungo kisifunguliwe mpaka kiwe ndani ya kabati la hewa safi. Kikiwa kimekatwa machinjioni na panga likaingia kwenye kiungo, kirudishe, omba kingine. Amfoterisini B (dawa ya ukungu) mikrogramu 2.5 kwa mililita iwemo tangu usiku wa kolajinesi, kimeng'enya cha kutoa seli kwenye gegedu, lakini iondoe kabla ya kuanza mafuta, kwa sababu dawa hiyo inafanya kazi kwa kushika steroli za utando na utakuwa umeongeza kitu kingine kwenye utando uleule unaoupima.